Sura ya 1940, Matumbo ya Juzi

Kuna kauli iliyoenea katika gereji za wajenzi wa hotrodi nchini Marekani mpaka sasa inapokelewa bila kuulizwa: kwenye dashibodi, cha kutazamwa ni sura tu. Nunua seti ya geji za kielektroniki zilizotengenezwa jana na kuchapwa nyuso za mtindo wa 1940, zipachike, unga waya, kazi imekwisha. Zinasoma vizuri kuliko za kale, hazivuji oili miguuni pa dereva, haziunguzi nyaya. Na zaidi ya yote, wanasema, hakuna atakayejua.

Wanaosema hivyo si watu wa kubezwa. Wengi wao ni mafundi hodari wa bodi na injini, na kila kipande cha hoja yao kina chembe ya ukweli. Lakini vipande hivyo vikiunganishwa huzaa kosa kubwa, na kosa hilo linaharibu magari mazuri kila mwaka.

Hotrodi ni gari la kawaida la zamani, mara nyingi Ford ya miaka ya 1920 au 1930, lililovuliwa madigadi, likapunguzwa uzito na kutiwa injini kali kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani. Vijana wa kusini mwa California waliyajenga magari hayo na kuyakimbiza kwenye maziwa makavu ya Muroc, kisha El Mirage baada ya jeshi kuichukua Muroc. Vilabu vyao viliungana mwaka 1937 na kuunda SCTA, chama kilichosimamia upimaji wa kasi. Jarida la Hot Rod lilianza Januari 1948, na mwaka uliofuata mashindano ya kasi yakafika kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimboni Utah. Miaka hiyo ya baada ya vita ndiyo inayotamaniwa zaidi na wajenzi wa leo. Anayetangaza kwamba gari lake limejengwa kama hotrodi ya 1949 ametoa dai la kihistoria, na dai la namna hiyo linaweza kupimwa.

Linapimwaje? Wachimbuzi wa mambo ya kale, wakiwamo wanaofukua magofu ya Kilwa, wana kanuni rahisi: tabaka la udongo haliwezi kuwa la zamani kuliko sarafu mpya kabisa iliyokutwa ndani yake. Hotrodi husomwa vivyo hivyo. Bodi ya 1932, usukani wa 1940 na injini ya 1948 vinaweza kukaa pamoja kwa amani, na gari hilo litakuwa la 1948. Tia geji moja iliyobuniwa 1968 na gari zima limehamia 1968, hata kama kila skrubu nyingine ilitoka kwenye Ford ya babu.

Kanuni hii inafuta kwanza dhana ya wale wanaojiona walinzi wa usafi, wanaodai kwamba Ford ya 1932 lazima ibaki na geji za 1932. Dashibodi ya gari hilo ilikuwa na bamba la umbo la yai, la chuma kilichopambwa kwa miduara midogo inayong'aa, na ndani yake mlikuwa na spidomita, geji ya chaji na geji ya mafuta. Basi. Geji yenyewe ya mafuta haikutumia umeme: hewa iliyosukumwa na uzito wa petroli tangini ilipita kwenye mrija na kupandisha kimiminika chekundu ndani ya kioo kilichokuwa mbele ya dereva. Hapakuwa na geji ya presha ya oili wala ya joto la maji. Kijana aliyelichukua gari hilo mwaka 1946, akatanua silinda, akafunga kamshafti kali na kabureta mbili au tatu, hangeweza kuridhika na vitu vitatu hivyo. Aliongeza geji kwa sababu injini ilimlazimisha.

Na hapa ndipo hoja ya "sura tu" inapoanza kuporomoka. V8 ya Ford ilipotoka mwaka 1932 ilikuwa na ukubwa wa inchi za ujazo 221 na nguvu za farasi 65, na ilimpa mtu wa kipato cha kawaida injini ya silinda nane. Lakini valvu zake zilikuwa ndani ya bloku, na moshi wa ekzosi ulilazimika kupita katikati ya bloku hiyohiyo, ukizungukwa na maji, kabla ya kutoka pembeni. Joto ambalo injini nyingine hulitoa moja kwa moja kwenye ekzosi, hii ililimwaga ndani ya maji ya kupozea. Ongeza nguvu, na joto nalo linaongezeka. Kila anayeijua injini hii anajua tabia yake ya kuchemka.

Jambo la pili ambalo mnunuzi wa seti ya katalogi hulikosa: injini hiyo ina pampu mbili za maji, moja kwa kila upande, na kila silinda hedi inarudisha maji kwenye rejeta kwa njia yake. Upande mmoja unaweza kuwa salama ilhali mwingine unaungua. Ndiyo maana wajenzi waangalifu walifunga geji mbili za joto, moja ya kushoto na moja ya kulia. Anayeona dashibodi ya namna hiyo leo hudhani ni mapambo ya mtu aliyependa mviringo mwingi. Kumbe ni maelezo ya injini yaliyoandikwa kwenye bamba. Ukinunua seti ya geji tano zinazofanana, yenye geji moja tu ya joto, kwa ajili ya V8 hiyo, umenunua sura ya zamani na kuacha akili ya zamani dukani.

Vivyo hivyo kwa mkimbiaji wa ziwa kavu. Kasi yake rasmi ilipimwa na saa za chama zilizotegwa kwenye njia, kwa hiyo spidomita haikumsaidia kupata rekodi. Alichokihitaji ni kujua mizunguko ya injini na presha ya oili, ili asipasue beringi katikati ya mbio. Gari linalodai kuwa la El Mirage, lenye spidomita kubwa katikati na geji ya oili iliyofichwa chini ya magoti, linajikana lenyewe.

Sasa tuingie ndani ya geji, kwa kuwa hapo ndipo mabishano yote yalipo. Geji ya kimakanika ya presha ya oili ina mrija bapa uliokunjwa nusu duara, uvumbuzi uliopewa hataza mwaka 1849 kwa Mfaransa Eugène Bourdon. Oili yenyewe, kutoka kwenye injini yenyewe, huja mpaka nyuma ya dashibodi na kuingia ndani ya mrija huo; presha ikipanda mrija hutaka kunyooka, na mnyooko huo mdogo husukuma mshale. Geji ya joto hutumia njia hiyohiyo: kitungi cha shaba chenye etha huzamishwa kwenye maji ya injini, etha hupata moto, shinikizo lake hupita kwenye mrija mwembamba sana uliofungwa daima, na mshale hupanda. Spidomita nayo huzungushwa na kebo kutoka gea boksi; sumaku huzunguka karibu na kikombe cha alumini na kukivuta bila kukigusa, kazi ambayo Mjerumani Otto Schulze aliipatia hataza mwaka 1902.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayotaka umeme ili isome. Ford walitumia mfumo wa volti 6, chanya ikiwa ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, hadi magari ya 1955. Magari ya 1956 yakaja na volti 12, hasi kwenye bodi. Mjenzi anayebadilisha mfumo huo leo atabadilisha balbu za geji zake za kimakanika, na hapo amemaliza. Ya chaji atageuza nyaya mbili tu. Mwenzake mwenye geji za umeme za enzi hizo atatafuta kipunguza volti kwa kila moja.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni usahihi: geji mpya zinasoma vizuri zaidi. Geji ya kisasa iliyotengenezwa na kiwanda makini, ikaunganishwa na sensa yake yenyewe, ni sahihi na ina kasi. Hilo likubalike bila kusitasita. Lakini kinachofungwa kwenye magari mengi ni geji ya kampuni moja na sensa ya nyingine. Geji nyingi za Marekani zinazouzwa nje ya viwanda vya magari hutarajia sensa ya mafuta ya omu 240 tangi likiwa tupu na 33 likijaa. Sensa za Ford za zamani huenda kwenye omu 73 tupu na 10 kujaa. Zile za General Motors, kwa miaka mingi, zilianzia sifuri kwa tangi tupu na kupanda hadi 90 kwa tangi lililojaa. Funga sensa ya Ford kwenye geji ya 240 na tangi likiwa kavu kabisa mshale utakwambia una zaidi ya nusu. Uso mzuri wa herufi za 1940 hautamsukuma mtu huyo hadi kituo cha petroli.

Spidomita hufundisha somo hilohilo. Kebo ya kawaida ya Marekani imepangwa kuzunguka mara 1,000 kwa maili. Mjenzi akibadilisha difu au tairi, hesabu inavunjika. Tairi ya kipenyo cha inchi 28 huzunguka takriban mara 720 kwa maili, ya inchi 30 takriban 672. Gari lililopimwa kwa ile ndogo likavaa kubwa litaonyesha maili 56 kwa saa wakati linakwenda 60. Mafundi wa kale walilijua hilo, wakafunga kisanduku kidogo cha gia kwenye kebo ili kurekebisha. Spidomita ya kielektroniki nayo lazima irekebishwe, ila kwa kubonyeza kitufe. Kwa hiyo usahihi unategemea mtu aliyefanya hesabu, awe ameshika kisanduku au kitufe.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: usalama. Oili ya moto chumbani, na mkondo wote wa umeme ukipita kwenye geji ya chaji. Hofu hizi zina msingi, na anayezidharau hafai kufuatwa.

Tuanze na oili. Hatari kubwa ipo kwenye mrija wa plastiki unaouzwa pamoja na geji za bei nafuu, ambao huyeyuka ukigusa ekzosi na kupasuka ukizeeka. Mrija wa shaba nao hupata ugumu kwa mtikisiko na hatimaye hukatika, ndiyo sababu fundi mzuri huukunja vizingo kadhaa karibu na injini ili mtikisiko upotelee humo, au huanza na kipande cha mpira kilichosukwa kwa waya kabla ya kufika kwenye shaba. Tundu la ukuta wa injini huvikwa mpira. Tahadhari hizo hazigharimu kitu kikubwa.

Geji ya chaji inadai nidhamu kubwa zaidi. Ile yenye kipimo cha ampea 30 upande huu na 30 upande ule ilifanywa kwa ajili ya dainamo ndogo za wakati wake. Ipitishie alteneta ya kisasa ya ampea 80 au 100 na utaunguza geji, pengine na gari. Hapo wapinzani husema: unaona, tupa geji ya chaji, weka voltimita. Lakini jiulize alteneta ya ampea 100 inafanya nini kwenye gari la 1949. Gari la Marekani la kwanza kuuzwa kwa wingi likiwa na alteneta lilikuwa Valiant ya Chrysler ya 1960. Umeme wote huo unalisha feni za umeme, kiyoyozi, redio kubwa na pampu ya petroli ya umeme. Gari lenye vitu hivyo lilishaihama 1949 kabla geji hazijanunuliwa, na kwa gari hilo voltimita ndiyo sahihi. Anayebaki na dainamo, au alteneta ndogo, akatumia nyaya nene na kiungo cha kuyeyuka karibu na betri, geji yake ya chaji itamhudumia kwa uaminifu. Na itamwambia papo hapo kama betri inalishwa au inanyonywa, jambo ambalo voltimita hulisema kwa kuzunguka.

Kuna mahali pamoja ambapo uhalisi lazima uachwe, na pasiwe na mjadala. Baada ya vita, maduka ya vifaa vilivyobaki vya jeshi yaliwauzia vijana wa California mikanda ya viti, matangi ya ziada ya ndege, ambayo Bill Burke alianza kuyageuza magari ya mbio mwaka 1946, na geji za ndege. Nyingi kati ya geji hizo zilipakwa rangi yenye rediamu ili ziwake gizani. Leo haziwaki tena, na watu hudhani sumu imekwisha. Kilichochoka ni kemikali inayotoa mwanga. Rediamu hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600 hivi, kwa hiyo iliyopakwa 1943 ipo karibu yote. Wasichana waliopaka nyuso za saa kwa rangi hiyo huko New Jersey na Illinois, wakichonga brashi kwa midomo, baadhi yao walioza mataya na kufa. Geji kama hiyo isifunguliwe, isisuguliwe, uso wake usipakwe upya mezani nyumbani. Apatikane mtaalamu aliyeidhinishwa kuishughulikia, ama itafutwe nyingine. Historia haidai mtu avute vumbi hilo.

Hata hivyo, maduka hayo ya jeshi yanathibitisha jambo muhimu. Dashibodi halisi za 1946 zilikuwa mchanganyiko. Kijana alichukua alichokipata: geji ya Stewart-Warner iliyonunuliwa mpya, nyingine iliyong'olewa kwenye lori bovu, ya tatu kutoka kwenye ndege. Wenye bahati walipata bamba la Auburn, gari la fahari la Indiana ambalo uundaji wake ulikoma baada ya modeli za 1936, wakalikata na kulifunga kwenye Ford. Kwa hiyo seti ya geji tano zilizofanana kama askari kwenye gwaride ni moja tu ya njia za kuwa sahihi, na mara nyingi si ile iliyozoeleka wakati huo.

Hili linajibu pia malalamiko ya gharama. Stewart-Warner, kampuni ya Chicago iliyozaliwa kwa muungano wa 1912, iliuza geji kwa magari, malori, matrekta, mashua na mitambo ya viwandani. Zile zenye nembo ya mabawa, ambazo kila mtu anazipigania, ni ghali kweli. Lakini nyingine za miaka hiyohiyo, zenye matumbo yaleyale, zimelala kwenye matrekta yaliyokufa mashambani na kwenye masanduku ya vyuma chakavu. Mjenzi anayetaka mabawa peke yake ameangukia kwenye ugonjwa uleule wa sura anaodai kuukimbia. Ni sawa na wanaokataa skrubu za msalaba kwa kudai si za zamani, ilhali General Motors walizitumia kwenye Cadillac ya 1936.

Inabaki ile kauli ya mwisho, kwamba hakuna atakayejua. Huyu anayesema hivyo amemsahau dereva. Geji ndicho kitu kimoja kwenye gari anachokitazama safari nzima. Rangi ya nje huonwa na wapita njia. Mtu aliyekaa nyuma ya geji ya kimakanika ya oili huona mshale ukipanda pole asubuhi oili ikiwa nzito, ukashuka kidogo kidogo inapopata moto, ukatetema injini inapopumzika kwenye taa za barabarani. Anajifunza injini yake. Wako pia mafundi wa geji, wachache na wengi wao wazee, wanaojua kuunga upya mrija wa etha na kuurudishia kitungi chake. Ujuzi huo unalishwa na kazi tu. Kila seti ya katalogi inayofungwa kwenye gari linalodai kuwa la zamani ni kazi moja iliyowapita.

Maonyesho nayo yana wajibu. Mwaka 1997 Pebble Beach, uwanja wa maonyesho uliozoea magari ya fahari kama Bugatti na Duesenberg, ulifungua daraja la hotrodi kwa mara ya kwanza, na Ford ya 1932 iliyojengwa na Doane Spencer ikashika nafasi ya kwanza. Tangu hapo magari haya yamekubaliwa kuwa hati za historia, na hati hukaguliwa. Majaji wanaoinama kutazama ekseli na breki wainame pia chini ya dashibodi. Wanaweza hata kukagua bila kugusa kitu: mwenye gari azungushe injini mpaka ipate moto, kisha aizime na kuondoa ufunguo. Geji ya kimakanika ya joto itaendelea kusoma, na kwenye V8 ya Ford mshale utazidi kupanda kwa muda, kwani maji yamesimama na chuma bado kinatoa joto. Ile ya kielektroniki yenye uso wa 1940 italala hapohapo, na alama za uhalisi wa dashibodi zikatwe mbele ya mwenyewe, huku akielezwa sababu.